Nilitoa Baiskeli Nikachukua Mandolini ya Zamani

Kwanza muende mukanawe mikono. Ninawajua ninyi vijana wa korali ya kanisa: munakula sombe yenye mawese, munapangusa vidole kwenye suruali, halafu munataka kushika nyuzi. Waya haupendi mafuta. Waya wenye mafuta unalia kama muntu mwenye makamasi.

Kila Jumapili munaniuliza swali moja: bibi, mandolini gani njo bora, ile ya sanduku ao ile ya zamani ya Wazungu inayoning'inia ukutani? Ninyi munauliza kwa kupitisha wakati. Furaha, mujukuu wangu, yeye haulizi kwa kucheza. Yeye sasa njo anakula kwa hii kazi niliyomuachia. Alitaka kuacha ile ya sanduku na kuchukua ile ya zamani, na mimi nilimukatalia miaka miwili. Nitawaeleza kwa nini nilikataa. Halafu nitawaeleza namna nilivyoshindwa.

Kazi yangu ilikuwa kupiga mandolini kwenye matanga. Zaidi ya miaka thelathini. Si bendi, si bar. Muntu akifa hapa Kindu, mutaa wa Kasuku ao wa Mikelenge, akifa ng'ambo ya muto kule Alunguli, walikuja kuniita mimi kabla ya kumuita seremala wa jeneza. Nilikaa kwenye mukeka karibu na wamama wanaolia, nikawafuata. Kazi njo hiyo tu: kufuata. Muntu anayelia hakuulizi kama uko tayari. Anaanza pale sauti yake ilipo, na wewe unakimbia nyuma yake na nyuzi zako nane. Ninyi leo munasema, "Tupige kwa do." Mama aliyefiwa hana do.

Aliyenifundisha ni Muzee Sumaili, seremala wa mabehewa kule gare, stesheni ya treni. Mimi nilikuwa ninauzia wafanyakazi wa reli wali na maharagi, na yeye alikuwa anapiga mandolini wakati wa kupumzika. Alikuwa na maneno mawili kwa siku, moja likiwa tusi. Siku moja nilimuambia ninataka kujifunza. Akaniangalia mikono, akasema, "Ya kusonga ugali." Kesho yake akanitengenezea chombo.

Tumbo lilikuwa sanduku la sabuni. Shingo ilikuwa mbao ngumu ya kiti cha behewa. Nyuzi zilikuwa waya wa breki ya kinga, maana kwetu baiskeli tunaiita kinga. Hili mulishike vizuri: munachukua kebo ya breki, munaisokotoa kinyume, ndani munakuta nyuzi nyembamba. Mumoja peke yake kwa sauti ya juu, miwili mukisokota pamoja kwa sauti ya chini. Musichukue kebo mupya, iko na hasira, itakatika usoni mwenu. Chukueni iliyofanya kazi miaka miwili mitatu, imepata adabu. Na cha kupigia, kateni beseni ya plastiki iliyopasuka. Ya buluu ni ngumu kuliko nyekundu. Sijui kwa nini, nimejaribu zote.

Sasa tuje kwenye mistari, maana vita yote ya nyumba yangu ilitokea hapo.

Kwenye shingo kuna mistari inayopita kwa upana. Unabonyeza waya nyuma ya mustari, sauti inapanda. Mandolini za dukani, mistari ni vyuma vimepigwa ndani ya mbao, havitoki. Muzee Sumaili hakuwa na vyuma hivyo. Alifunga nailoni ya kuvulia samaki kuzunguka shingo, akaifunga fundo kwa nyuma. Mustari wa nailoni unasogea. Unausukuma na ukucha wa kidole gumba, unapanda ao unashuka.

Mutaona ni kasoro. Si kasoro. Nyimbo za matanga za wazee wetu ziko na sauti moja inayokaa katikati ya sauti mbili. Ukiipiga juu kidogo, watu wanataka kucheza. Ukiipiga chini kidogo, inakuwa kama unamudanganya maiti. Mimi nilikuwa ninasogeza mustari wa tatu, upana wa punje ya muchele, na sauti ile inakuja, na wamama wanajiachia.

Ilinichukua muda. Kwenye matanga yangu ya kwanza niliusogeza upande usiofaa. Mujane akaacha kulia, akanigeukia.

"Dada, wewe unamulilia nani?"

"Bwana yako, mama."

"Huyo si bwana yangu huyo. Huyo ni muntu wa harusi."

Nikaurudisha mustari. Akaendelea kulia. Hivyo njo nilivyosoma, sikuwa na shule ingine.

Basi vita ikaja. Ninyi hamukuwa mumezaliwa, na wale waliozaliwa walikuwa mugongoni. Treni ikasimama. Wanajeshi mjini, wenye silaha wengine porini, na sisi katikati na njaa. Chumvi ilikuwa inapimwa kwa kijiko cha chai, na mwenye kupima alikuwa anazuia pumzi. Bwana yangu, Amisi, alikuwa na kinga. Alipeleka chumvi na sabuni vijijini kwenye njia ya Kibombo, akarudi na mawese na muchele. Watoto wetu wanne walikula kwa ile kinga. Hakuna kitu kingine ndani ya nyumba kilichokuwa kinaleta chakula. Mandolini yangu ilikuwa na kazi nyingi sana wakati ule, lakini waliofiwa hawakuwa na cha kunipa. Nilirudi na macho mekundu na ndizi mbili.

Na nilikuwa na majivuno. Hilo musilitafute kwa muntu mwingine, lilikuwa kwangu. Wapiga gita wa mjini walikuwa wananicheka. Nikipita na chombo changu walikuwa wanaita, "Mama Mandolini! Sabuni bado iko ndani? Tunataka kufua!" Nilicheka nao. Nikifika nyumbani sikucheka.

Karibu na soko kulikuwa na duka la Papa Kambale, mufanyabiashara aliyetoka Butembo. Duka lilikuwa na rafu saba, na wakati ule saba zote zilikuwa na viberiti tu. Siku moja akaniona ninapita.

"Mama Mandolini, ingia. Usichungulie mulangoni kama mugeni."

"Sina cha kununulia, Papa Kambale."

"Sikusema kununua. Nimesema ingia. Gusa hii."

Akatoa chini ya meza mandolini. Alisema muzee mumoja wa kigeni aliyekuwa na duka hapo kabla yake alimuachia vitu vya nyumba, na hii ilikuwa kati ya masufuria. Mugongo wake ulikuwa wa duara kama kibuyu, umeungwa na vipande vyembamba vya mbao, kimoja cheusi, kimoja chekundu. Kwenye kidirisha ndani mulikuwa na karatasi ya zamani yenye maandishi ambayo hata padri hangeweza kusoma. Nikapiga uzi mumoja. Ulilia. Nikangoja unyamaze. Kuku watatu walipita mbele ya duka, kwa zamu, bado unalia. Ya kwangu ilikuwa inanyamaza kabla kuku wa kwanza hajageuza shingo.

"Unataka nini?" nikauliza.

"Kinga."

"Kinga ni ya bwana yangu."

"Bwana yako iko wapi?"

"Kwenye mazishi ya mujomba wake, huko upande wa juu wa muto. Atarudi kesho kutwa."

"Basi leo kinga ni ya nani?"

Nikaenda nyumbani nikaileta. Njia nzima niliishika kwa usukani kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Nilirudi na mandolini ndani ya kitenge, na nilipita makusudi mbele ya wale wapiga gita.

Amisi alirudi siku aliyosema. Alikunywa maji, akaangalia pembeni ya nyumba.

"Kinga iko wapi?"

"Iko ukutani."

Akaangalia ukuta.

"Hiyo haina pedali."

"Ina nyuzi nane."

"Aziza. Tutakula nyuzi?"

Nikamupakulia chakula. Alikula wali uliobaki, akalala, na asubuhi akapandisha bidoni ya chumvi na sabuni kichwani, akaondoka kwa miguu. Njia ya siku mbili ikawa ya siku tano. Alitembea hivyo mpaka vita ikaisha. Watoto walijifunza kula mara moja kwa siku, na siku zingine walijifunza zaidi ya hapo. Hakunipiga, hakunitukana; angefanya hivyo ingekuwa nafuu. Kila asubuhi akiwa nyumbani alinisalimia mimi, halafu aligeuka ukutani akaisalimia mandolini: "Jambo, kinga."

Majirani walinifariji: "Hata usingeitoa, wangeinyang'anya barabarani." Uongo. Papa Kambale aliiendesha vita nzima na hakuna aliyemusimamisha, maana Amisi alikuwa ameipaka matope na kuifunga kamba za ndizi makusudi, ionekane inakufa. Kila soldat aliyeiona aliona huruma. Mwaka uliopita nimeiona ingali inatembea.

Sasa mutasema, angalau bibi alipata chombo kizuri cha kazi. Sikilizeni.

Siku ya nne tangu niichukue, mupiga kasia mumoja alikufa Alunguli. Nikavuka na mandolini ya zamani, nimevaa kitenge cha sikukuu. Mukubwa wa kulia alikuwa Mama Sifa. Yule mama akianza kulia, mbwa walikuwa wanakaa chini. Nilimufuata vizuri mwanzoni, na watu walikuwa wanageuka kuangalia ile sauti tamu inatoka wapi. Nilijisikia. Halafu wimbo ukafika pale, kwenye sauti ya katikati. Ukucha wangu ukasukuma mustari wa tatu. Chuma hakikusogea. Nikabonyeza hivyo hivyo, na sauti ikatoka safi kabisa, ya juu, ya kanisani.

Mama Sifa akanyamaza. Mukubwa wa kulia hanyamazi, munasikia? Nyumba inaweza kuanguka, yeye hanyamazi.

"Nani ameleta Muzungu kwenye kilio yangu?"

"Ni mandolini tu, Mama Sifa."

"Ninaisikia. Mupeni kiti, akae nayo inje. Akimaliza kujifunza kulia, atarudi."

Wakanipa kiti kweli. Nikakitazama. Nikavuka muto, nikachukua sanduku langu la sabuni, nikavuka tena. Marehemu alinisubiri, hakuwa na haraka.

Kesho yake nikaipeleka mandolini ya zamani kwa Muzee Sumaili, pamoja na koleo. Alikuwa amezeeka, gare imefungwa, anachonga miko ya kusongea.

"Muzee, ng'oa hii mistari ya chuma, unifungie nailoni."

Akaigeuza, akachungulia ndani, akapitisha kidole kwenye kila kipande cha mugongo.

"Aliyetengeneza hii alikuwa na nafasi," akasema. Halafu akanirudishia koleo. "Sing'oi. Chombo haina kosa. Kosa njo wewe. Umechukua kitu ya harusi ukapeleka kwenye kilio."

"Basi nifanye nini?"

"Ungoje harusi."

Kindu ya wakati ule haikuwa na harusi. Wanaume wa kuoa walikuwa porini, ao wamejificha darini kwa mama zao. Nikaenda kwa Papa Kambale kurudisha. Akasema kinga iko safarini. Ilikuwa imeegemea mulango, nilikuwa ninaiona. Basi mandolini ya zamani ikarudi ukutani, na huko ikakaa zaidi ya miaka ishirini.

Niliitunza, hilo musinisingizie. Masika inapoanza, legezeni kila ufunguo wa kukaza waya nusu zunguko, maana mbao inavimba na shingo inapinda kama muzee anayesikiliza pembeni. Kitambaa chenye petroli kidogo kwa ajili ya muchwa, kwenye ukuta, si kwenye chombo. Na musiweke karibu na jiko. Nilifanya hayo yote kwa kitu ambacho sikuwa ninakipiga, kama muntu anayefuga ng'ombe asiyetoa maziwa.

Dunia ikabadilika. Vidole vyangu vikapinda, nikamupa Furaha sanduku na kazi. Lakini matanga ya leo si yale. Siku hizi familia inakodi piano ya umeme, bafle mbili za kupaza sauti, na jenereta ya kuzilisha. Kijana wa piano anapiga akordi, na sanduku langu na ile piano vinakuwa kama bawifi wawili ndani ya jiko moja. Mara mbili Furaha alirudishwa nyumbani kabla ya mazishi. Mara ya pili alikaa jikoni hapo, hakuvua hata viatu.

"Bibi, nipe ile ya ukutani. Ile inaelewana na piano."

"Ile haijui kulia."

"Nani anaulizia kulia sasa? Wanaulizia piano. Kama hunipi, ninaenda Kampene, nikauzie wachimbaji mikate. Dada Zawadi yuko huko, anapata."

"Na sauti ya katikati?"

"Waliokuwa wanaiimba wamebaki wangapi, bibi? Hesabu."

Nikahesabu. Nilipata Mama Sifa, na mimi. Nikamuambia hapana.

Na munajua kilichotokea: mwezi uliopita Mama Sifa naye akafa.

Binti zake wakamuita Furaha, kwa sharti alete mandolini inayoelewana na piano. Alikuja hapa na habari hiyo, akasimama mbele ya ukuta, hakuomba. Nikamuambia, "Chukua." Alishangaa. Musinisifu. Nilisema chukua kwa sababu nilitaka aaibike mbele ya watu kama mimi nilivyoaibika, ajue. Bibi naye ni muntu. Na nikafunga sanduku langu ndani ya kitenge, nikamufuata, ili akishindwa nimukabidhi.

Tulivuka asubuhi. Alipiga vizuri, siwezi kusema vingine. Saa mbili nzima yeye na piano walikwenda kama maji na maji, na watu walikuwa wanatikisa vichwa. Mimi nilikaa kwenye mukeka na sanduku mapajani, ninangoja muntu aanzishe wimbo wa Mama Sifa. Hakuna aliyeanzisha. Binti zake hawaujui. Nikaona wabebaji wanakuja wanavaa glovu, wanataka kumutoa, na yule mama aliyewalilia watu wa ng'ambo nzima anakwenda chini bila kuliliwa hata mara moja.

Nikaanza mwenyewe. Sina sauti, nilikuwa na ukelele. Kijana wa piano akanitafuta kwenye meno yote, meusi na meupe, halafu akaweka mikono mapajani. Nikamunyooshea Furaha sanduku, njoo, shika hii. Akatikisa kichwa. Alikuwa ananifuata kwenye ile ya zamani, chini, pole pole, nyuma yangu kidogo tu, namna inavyotakiwa. Nikawa ninaelekea pale. Nikajisemea, sasa ataona.

Nikafika kwenye sauti ya katikati, na ilikuwa hapo. Ilikuwa imefika pamoja na mimi.

Nikamuangalia mukono. Alikuwa amebonyeza nyuzi mbili nyuma ya chuma cha pili, si cha tatu, na anazisukuma pembeni, kuelekea kwake, kwa nguvu, ili sauti ipande kidogo, ncha ya kidole imekuwa nyeupe. Chuma kimekaa pale pale. Waya njo ulikuwa unasogea. Mama mumoja muzee karibu na jeneza akapiga kelele, halafu wa pili, na binti zake Mama Sifa wakalia mwishowe kama watu waliofiwa na mama.

Tulipokuwa kwenye mutumbwi wa kurudi nikamuuliza.

"Nani alikufundisha kusukuma waya?"

"Hakuna muntu. Kila ulipokwenda sokoni, niliishusha ukutani."

"Tangu lini?"

"Ni miaka kumi na mbili sasa."

"Na hukuniambia."

"Ungesema ninaharibu nyuzi."

Ningesema hivyo. Kwenye mandolini ya sanduku, ukisukuma waya pembeni, nailoni inabiringika na sauti yote inapotea, kwa hiyo mikono yangu haikuwahi hata kufikiria. Mimi nilijua kusogeza mistari. Nikakutana na mustari usiosogea, nikasema chombo hakijui kulia, nikakitundika.

Basi jibu la swali lenu. Ile ya zamani ni ya Furaha, nimemupa mbele ya mama yake, na haendi tena Kampene. Ya sanduku ninabaki nayo. Anayetaka kujifunza nailoni na kusogeza mistari aje, hayo ninayajua, ninaweza kumufundisha hata nikiwa nimelala. Lakini kusukuma waya sijui. Nimejaribu wiki hii nzima. Furaha anasema ninakaza bega na ninakimbilia sauti kabla haijafika. Hilo muulizeni yeye.